Ukuta Wenye Mkono

Aliyepata kuingia katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, akapita daka, akavuka kiwanda na misana hata akafika ndani kabisa, hakosi kuukumbuka ukuta wa vidaka. Ni ukuta mzima uliotiwa nakshi za chokaa, vishimo juu ya vishimo, kila kimoja na kichwa chake kilichochongwa, na katika kila kimoja kiliwekwa kitu: sahani ya China, bakuli, mrashi, msahafu mahali pa juu, na taa. Sisi watu wa Amu twaviita zidaka. Kuta nyingi za namna hiyo zilizobakia hata leo ni kazi ya mafundi wa karne ya 18, siku ambazo Amu na Pate zilikuwa na neema. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi akitaka kutuonyesha jinsi Pate ilivyoanguka, alivitaja vidaka vivi hivi. Vilikuwa vya vyombo, akasema, vikawa malalo ya ndege. Mtungaji yule alijua kwamba ukuta ukiondokewa na vitu vyake, nyumba imekwisha.

Nimeanza na vidaka kwa kuwa jambo ninalotaka kumweleza msomaji leo ni jamaa wa kidaka, ingawa sikukutana nalo pwani. Nilikutana nalo bara, katika nyumba moja huko Soy, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, katika nchi ya mahindi na ngano na baridi ya alfajiri isiyojua huruma. Eldoret iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 2,000, na mtu wa pwani akifika huko hujua maana ya neno "blanketi" kwa mara ya kwanza.

Huko anakaa mpwa wangu, fundi wa umeme, aliyeoa huko na kujenga huko. Na mamake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alimfuata baada ya kumaliza eda ya mumewe. Dada yangu ana baridi yabisi ya vidole. Si maradhi ya kutisha kuyasimulia, lakini yamemnyang'anya mambo madogo madogo ambayo mwenye vidole vizima hayahesabu. Hawezi kufungua mtungi wa achari. Hawezi kusukuma plagi ya miguu mitatu mpaka iingie katika soketi, wala kuichomoa. Usiku akiamka kwa ajili ya tahajudi, taa ya betri iliyochajiwa mchana huwa kule, waya wake huku, na kile kitundu cha kuchomekea waya hakionekani hata kwa miwani. Kwa hiyo alikuwa akimwamsha mkwewe. Na mama mkwe kumwamsha mke wa mwanawe saa tisa za usiku, usiku baada ya usiku, kwa ajili ya kuwashiwa taa, ni jambo ambalo dada yangu aliliona zito kuliko hayo maradhi yenyewe. Akaanza kuswali gizani.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya. Wengi tutaukumbuka. Soy nayo iliingia gizani kama kwingineko, na dada yangu akitafuta kurunzi alijikwaa kwenye kigoda akaumia goti. Hapo ndipo mpwa wangu alipotia shauri.

"Mjomba," aliniambia kwenye simu, "nimemtilia mama reli ukutani."

Reli, kwa mtu wa Eldoret, ni njia ya garimoshi, iliyofika mji huo mwaka 1924. Nilifika Soy nikiwa bado sijafahamu garimoshi gani lililopita chumbani mwa dada yangu.

Nikaonyeshwa. Ni ufito wa alumini mweusi, urefu wake kama meta 2, upana wake haufiki vidole viwili, umekazwa ukutani kwa skrubu, usawa wa bega la mtu aliyeketi kitandani. Ukitazama kwa karibu ni kama mfereji: una kingo mbili, na katikati una uwazi mwembamba. Juu ya ufito huo vilikuwa vimekaa vitu vitano. Taa ndogo ya kusomea, saa, redio, kurunzi, na simu yenye kisomo cha Kurani. Hakuna waya hata mmoja ulioning'inia. Dada yangu akanyosha mkono, akaishika taa kwa kiganja, si kwa vidole, akaibandua. Ikazimika. Akaisogeza upande wa pili karibu na msala, na kabla haijagusa ufito ikaruka yenyewe ikanasa, "tap!" na ikawaka. Akaniangalia kama aliyeshinda mchezo wa bao.

"Ukuta huu una mkono," akasema.

Sasa nimweleze msomaji jinsi mkono huo unavyofanya kazi, maana nilimkalisha mpwa wangu chini asubuhi nzima, akanifungulia kila kitu, na chai ya maziwa ikapoa mbele yetu.

Ndani ya ule mfereji mna mambo matatu. Mna utepe wa chuma, uliolala chini kabisa. Juu yake mna plastiki ya kuzuia umeme. Na katika plastiki hiyo zimelazwa njia mbili za shaba, moja ya kupeleka umeme na moja ya kuurudisha. Kitu kinachotiwa hapo, iwe taa au redio, kina mguu, na katika mguu mna sumaku na vijipini viwili vyenye springi. Sumaku huvuta chuma, mguu hujikalia mahali pake wenyewe, vijipini hubonyea juu ya shaba, na umeme hupita. Ukikibandua, njia hukatika. Hapana plagi, hapana swichi, hapana kulenga kitundu. Kazi ya kulenga, ambayo ndiyo iliyomshinda dada yangu, sumaku ndiyo inayoifanya.

Kwa nini utepe wa chuma, na ufito wenyewe ni alumini? Kwa sababu sumaku haishiki alumini. Mpwa wangu alinipa sumaku mkononi nikaipitisha juu ya sufuria: haikujali. Nikaipeleka kwenye ukuta wa jiko, ambao ni wa mabati: ikang'ang'ania hata nikaivuta kwa nguvu. Bati, ingawa limepakwa zinki, ndani yake ni chuma. Ndiyo maana katika nyumba za mabati za huko bara watoto hubandika sumaku popote wapendapo, na sisi wenye kuta za matumbawe na chokaa tukijaribu tutaiokota chini.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni hili. Sumaku hodari wa kuvuta si hodari wa kubeba. Ile inayoweza kushika kilo 5 ikiwa imening'inia darini, ukiibandika ukutani itaanza kuteleza kwa mzigo ulio mdogo sana kuliko huo, kwa kuwa pale haivutwi kutoka kwenye chuma bali inasukumwa kando, na kinachoizuia ni msuguano tu. Kwa hiyo kingo za ule mfereji si za urembo. Zinaupa mguu mahali pa kuegemea, na kuteleza kwake kukawa ni kwa kulia na kushoto, si kwenda chini.

Umeme wenyewe si ule wa volti 240 wa soketi zetu. Reli nyingi za namna hii hutumia volti 48 au 24, umeme wa upande mmoja kama wa betri. Mpwa wangu ametumia 24: betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo, nazo huchajiwa na paneli ya sola iliyo juu ya paa. Ndiyo maana shaba imeachwa wazi na bibi wa miaka sitini na kitu aweza kuigusa kwa mkono mkavu asidhurike. Lakini hapo hapo ndipo penye mpaka wake. Taa ya dada yangu hula wati 5, redio wati 3, simu wati 10. Jumla haifiki wati 20, na kwa volti 24 hiyo ni chini ya ampea moja. Birika la umeme hula wati 2,000. Ukitaka kulitia kwenye reli hiyo utahitaji ampea zaidi ya 80, na shaba ile nyembamba itakuwa moto kabla maji hayajawa. Basi reli ni ya vitu vidogo. Anayekuuzia kwa kukwambia kwamba itaendesha pasi, mwambie aipigie pasi kanzu yake kwanza.

Sumaku si ngeni kwetu. Manahodha wa bahari yetu walisafiri kwa dira karne nyingi kabla hatujaona waya wa umeme, na Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwanamaji aliyeandika Kitab al-Fawaid katika karne ya 15, ameieleza sindano ya sumaku kama mtu anayeeleza chombo cha kazi yake ya kila siku. Lakini sumaku ya zamani ilikuwa dhaifu. Ili kitu kidogo kama mguu wa taa kishike imara ilibidi ipatikane sumaku ndogo yenye nguvu nyingi, na hiyo ilipatikana katika miaka ya 1980: Mjapani Masato Sagawa, na kwa wakati huo huo Mmarekani John Croat wa kampuni ya General Motors, kila mmoja kwa njia yake, walichanganya chuma na boroni na madini yaitwayo neodimiamu. Sagawa alitunukiwa Tuzo ya Malkia Elizabeth ya Uhandisi mwaka 2022 kwa kazi hiyo. Wajapani wakatia sumaku katika waya za birika, ili mtoto akijikwaa kwenye waya ubanduke na maji ya moto yasimwagike. Mwaka 2006 kampuni ya Apple ikafanya vivyo hivyo kwa kompyuta za mapajani, na mwaka 2020 kwa simu. Halafu wauza taa nao wakaingia, na leo mafundi wa Eldoret hununua reli hizi madukani kama wanavyonunua globu.

Nirudi chumbani. Siku ya kwanza ufito ulikuwa umewekwa chini zaidi, karibu na mahali dada yangu avuliapo viatu. Akaukataa. Simu ile inasoma Kurani, akasema, haiwezi kukaa usawa wa kandambili. Mpwa wangu akaung'oa akaupandisha shubiri mbili, akaziba matundu ya skrubu kwa saruji, wala hakunung'unika. Mimi nilipoutazama mahali ulipo sasa, na taa yake ikiwaka peke yake katika chumba chenye giza, nilikumbuka aya ya 35 ya Sura An-Nur, ambamo imetajwa taa katika shubaka. Tafsiri ya aya hiyo ni bahari, tuwaachie masheikh. Ninasema tu kwamba mtu aliyesomeshwa chuoni tangu utotoni hawezi kuona taa ndani ya ukuta asiikumbuke.

Yako mambo ya kuogopa, na mwandishi anayesifu bila kuyataja hamtendei msomaji haki. La kwanza ni watoto. Sumaku hizi ni ndogo kama punje ya mahindi, na mguu wa taa ukivunjika hutoka. Mtoto akimeza moja, huenda ikapita. Akimeza mbili, au moja na kipande cha chuma, hizo hutafutana ndani ya tumbo: moja ikiwa katika pindo hili la utumbo na nyingine katika pindo lile, hushikana, zikaubana utumbo katikati mpaka ukatoboka. Hayo si maneno ya kutishia watu. Marekani ilitoa kanuni mpya mwaka 2022 juu ya sumaku za kuchezea kwa sababu ya watoto waliopasuliwa na wengine waliokufa. Mtoto wa mpwa wangu ana miaka miwili. Kwa hiyo kila mguu uliomo katika chumba kile umetiwa gundi na skrubu, na wa kurunzi, uliokuwa umeanza kulegea, ulitupwa ukanunuliwa mwingine. Mtoto aliyemeza sumaku apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asisubiriwe.

La pili ni la wenye betri ya moyo. Sumaku yaweza kukivuruga chombo hicho, na Apple wenyewe wameagiza kwamba simu zao zenye sumaku zikae mbali nacho zaidi ya sentimita 15, au 30 ikiwa simu inachajiwa bila waya. Mwenye chombo hicho amuulize daktari wake kabla ya kubandika chochote karibu na mto wa kulalia.

La tatu ni pini. Sumaku haichagui. Sindano ya kushonea, pini ya mtandio, kipande cha wembe, vyote huvutwa, na kikilala juu ya njia zote mbili za shaba, umeme hupita hapo badala ya kwenye taa, na hicho kipande huwa chekundu. Mpwa wangu ametia fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi, nisingekubali dada yangu alale katika chumba hicho hata usiku mmoja, kwa maana betri ni mkarimu kupita kiasi: ukiiomba umeme wote itakupa wote.

Na liko la nne, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi, nalo halihusu hatari ya mwili. Taa ya dada yangu ilipoharibika mwezi wa tatu, mpwa wangu alikwenda mjini kununua nyingine. Akapata taa nzuri, ya volti zile zile, yenye sumaku, na haikukaa. Mfereji wa kampuni moja ni mpana kwa milimita chache kuliko wa nyingine. Njia za shaba za huyu ziko katikati, za yule ziko kando. Ilimbidi aukate mguu wa taa ya zamani auunganishe na taa mpya kwa risasi na koleo. Yeye ni fundi, aliweza. Asiyekuwa fundi atanunua reli mpya, na vitu vyote vitano juu yake.

Plagi yetu ya miguu mitatu, ile iliyomshinda dada yangu, tuikosoe kwa ugumu wake, lakini ina jambo moja la kushukuriwa. Waingereza waliiwekea kipimo kimoja mwaka 1947, na hata leo redio iliyotengenezwa popote, ikitiwa plagi hiyo, huingia katika soketi ya Lamu, ya Soy na ya Kampala. Wenye simu nao wamekubaliana: mwaka 2023 kampuni zilitangaza kipimo cha pamoja cha kuchaji kwa sumaku, kiitwacho Qi2, ili chaja ya huyu ishike simu ya yule. Wenye reli za ukutani bado kila mmoja anavutia kwake. Na kidaka, msomaji, kidaka hakikuuliza sahani imetoka kiwanda gani. Ya China ilikaa, ya Kiajemi ilikaa, ya Ulaya ilipokuja ikakaa pia.

Nilimwambia mpwa wangu maneno hayo. Akacheka. "Lakini mjomba, kidaka kilimwashia nani taa?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa tulipokuwa tukizungumza, upande wa pili wa ukuta tulisikia ile "tap", kisha dada yangu akitia udhu kwa maji ya Soy, akiyalalamikia ubaridi wake kwa Kiamu.

Sasa anataka kurudi nyumbani. Si leo wala kesho. Anasema baada ya Ramadhani, na nyumba ya Amu ni ya kwetu sote, na chumba chake kipo. Anataka reli yake aende nayo. Ukuta wa huko ni ule wa vidaka, na ametoa sharti mapema: hataki kusikia habari ya skrubu wala keekee katika chokaa ile. Nami ni wa shauri lake. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na hata kama usingeingizwa, nakshi ile fundi wake hayupo tena wa kuitengeneza ikimeguka. Tena kuna hewa ya chumvi. Shaba itaota kutu ya kijani, na sumaku za neodimiamu, zikikwaruzwa lile ganda lake la nikeli, huoza kuliko msumari. Mpwa wangu anashauri kukata reli vipande, kila kipande kilazwe juu ya ubao wa mvule ndani ya kidaka chake, bila kutoboa kitu, na shaba ifutwe kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa.

Alinituma nimpimie. Nimepima: kidaka cha karibu na kitanda kina upana wa sentimita 38, na ukuta wa upande huo una unyevu kidogo baada ya mvua. Nimempelekea hesabu. Jibu lake lilikuwa swali moja: hicho kidaka kiko mkono wa kulia wa kitanda au wa kushoto? Maana vidole vya mama vya kulia, alisema, ndivyo vilivyozidi kuwa vibaya.